Nguo inang'aa, uso unapotea: jibu kwa mpiga picha wa Morogoro

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na send-off hapa Morogoro. Nimeanza mradi wangu mwenyewe wa picha za mabinti waliovaa rangi za ndege wetu, tunapigia nje, porini na milimani. Nilianza na yule ndege wa rangi nyingi anayekaa juu ya nguzo kule Mikumi. Fundi alitushonea gauni la feruzi, zambarau, kijani na kahawia, tukaenda kulipiga kwenye miti karibu na bwawa la Mindu, saa tano asubuhi. Gauni linaonekana vizuri sana, lakini uso wa binti umepotea na picha nzima ni vurugu. Nakosea wapi? Nitumie vitambaa gani? Na je, ninunue kamera mpya kwanza? Niliyonayo ni ya zamani, ya sensa ndogo, na lenzi mbili: ile ya 18-55 iliyokuja nayo, na ya 50 f/1.8."

Marahaba, mdogo wangu. Kamera tutaizungumza mwishoni, maana si yenyewe iliyokuangusha. Picha ulizoambatisha nimezitazama, na gauni lile limeshonwa kwa mkono safi. Kilichowaangusha ni hesabu ya rangi.

Wewe na fundi mlimchukua chole, ambaye wengine humwita kambu, mkaorodhesha rangi zake, kisha kila rangi mkaipa kipande kilicho sawa na mwenzake. Rangi zote ni zake kweli, ila kipimo si chake. Mtazame tena akiwa ametulia juu ya nguzo. Mgongo ni kahawia ya udongo, na ukimkuta amekupa kisogo hiyo ndiyo rangi unayoiona kwanza. Utosini ana kijani kilichofifia. Zambarau ipo kooni na kifuani tu, tena ni nyepesi, inakaribia waridi, na kooni imechanganyika na michirizi myeupe. Tumbo ndilo feruzi. Ile bluu kali inayowafanya watalii wapige kelele garini imo mabawani, na akikaa sehemu yake kubwa imefunikwa; anaikunjua akiruka. Yaani ndege anayesifiwa kwa rangi kuliko wote hatoi rangi zote kwa mpigo. Gauni lako limezitoa zote binti akiwa amesimama wima, mikono chini, na kila rangi ina nguvu ile ile. Jicho la mtazamaji likifika hapo halijui litue wapi, na uso, ambao kwa rangi umetulia kuliko kitambaa chote kile, unakuwa kitu cha mwisho kuonekana.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fanya hivi. Tafuta picha nzuri ya ndege unayemtaka, iwe amekaa, kisha ipunguze kwenye simu mpaka iwe ndogo kama kucha. Manyoya yatapotea, jicho litapotea, yatabaki mabaka. Hesabu mabaka hayo: lipi limechukua nusu ya mwili, lipi robo, lipi ni mstari tu. Ndege wengi utawakuta na rangi moja tulivu iliyobeba mwili, ya pili inayoisaidia, na ya tatu kidogo sana lakini kali, imewekwa mahali pamoja. Hicho ndicho cha kumpelekea fundi. Jina la ndege au picha yake iliyojaa kioo kizima cha simu havimsaidii, atakushonea rangi zote kwa haki, kama alivyofanya.

Kwezi maridadi ni mwalimu mzuri wa jambo hili, yule anayerukaruka chini ya meza za migahawa Arusha na Dodoma bila hofu. Juu ni bluu inayogeuka kijani, tumbo ni rangi ya chungwa iliyoiva. Bluu na chungwa zikikutana bila mtu wa kati hugombana. Kwezi amewekewa mstari mweupe mwembamba katikati ya kifua, basi, ugomvi umekwisha. Mshonee binti blauzi ya bluu na sketi ya chungwa, ukasahau mkanda mweupe kiunoni, utaona unachokosa. Kichwa chake ni cheusi, na ndani ya weusi ule kuna jicho jeupe la rangi ya maziwa. Jicho hilo ndilo linalokuita. Kwa mtu, kazi hiyo inaweza kufanywa na hereni nyeupe au za lulu: kitu kidogo cheupe karibu na uso, na kingine cheupe kama hicho kisiwepo popote kwenye picha zaidi ya ule mkanda.

Sasa, wewe unapiga picha za watu, na picha ya mtu inaanzia shingoni kwenda juu. Chagua ndege ambao rangi yao imepanda kichwani. Korongo taji nampa nafasi ya kwanza: mwili wa kijivu, mtulivu kabisa, shavu jeupe, kidoto chekundu kooni, na juu taji la dhahabu lililosimama. Mvalishe binti shifoni ya kijivu kuanzia shingoni hadi miguuni, bila ua, bila shanga, halafu mali yote iweke kichwani. Nywele zenyewe zinaweza kuwa taji zikichanwa zikasimama, na jua la jioni likitokea nyuma litazitia dhahabu bila gharama ya mtu. Kanga tumbusi naye, wa hifadhi za Mkomazi na Samburu, anastahili mradi wake peke yake. Kichwa kitupu cha kijivu, shingo ndefu, jicho jekundu, kisha kuanzia shingoni yanateremka manyoya marefu membamba ya mistari nyeusi na nyeupe juu ya kifua cha bluu iliyokoza. Huyo ni mkufu mzima wa shanga umeshaumbwa. Msichana aliyenyoa nywele, shanga za mistari nyeusi na nyeupe zikiangukia juu ya kitambaa cha bluu, sina la kuongeza.

Tausi ningekushauri umwache. Kila saluni ina picha ya bibi harusi aliyevaa tausi, na mkia ule, ambao ndio sifa yake, uko mbali na uso kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Heroe naye ni rangi moja, na wengi hudhani kwa hiyo ni mwepesi. Ni mgumu. Waridi ile haivumilii nyasi za kijani hata kidogo, inataka maji, chumvi, magadi na anga tupu. Mwache hadi siku utakapofika ziwa Natron au Manyara.

Kwa kuwa uko Morogoro, ninaye wa kukupendekezea, na si wa Mikumi. Juu ya milima inayokutazama dirishani yupo ndege wa jamii ya tiva asiyeishi mahali pengine popote duniani ila Uluguru, kwa jina la kisayansi Malaconotus alius. Hukaa juu kwenye vilele vya miti ya msituni na ni shida kumwona, lakini mavazi yake ni somo zima: kofia nyeusi inayong'aa iliyoshuka mpaka chini ya macho, mgongo wa kijani, na kuanzia kooni kwenda chini ni njano tupu. Rangi tatu, kila moja na mahali pake, hakuna iliyoingilia nyingine.

Mvalishe hivi. Kilemba cheusi, kifungwe chini kidogo kwenye paji la uso kuliko kawaida. Chini yake gauni la njano, shingo ya mviringo iliyopanda juu, bila kola. Mabegani mtandio mpana wa kijani, uanguke mgongoni, mbele uonekane ukingo wake tu pande mbili. Njano iliyo chini ya kidevu itakusaidia kuliko taa: mwanga ukiigonga unarudi usoni kutoka chini ukiwa na joto, na ngozi nyeusi huupokea vizuri sana. Kitambaa cha kijani kikikaa mahali hapo hapo kingefanya kinyume, kingemtia binti rangi ya mgonjwa chini ya kidevu na ungehangaika nayo kwenye kompyuta hadi usiku. Hata ndege ameweka kijani mgongoni.

Taabu iko kwenye kilemba. Cheusi juu ya ngozi nyeusi, nyuma kuna kivuli cha msitu, kichwa kinaweza kumezwa chote. Usitumie pamba. Tafuta mahameli au satini nyeusi yenye mikunjo mingi, ili kila mkunjo uwe na ukingo unaoshika mwanga, na msimamishe binti mahali ambapo anga au uwazi uko nyuma yake upande mmoja. Mstari mwembamba wa mwanga pembeni ya kilemba unatosha kumtenganisha na giza.

Hapa ndipo swali lako la vitambaa linapoingia, na linataka maelezo ya ndani kidogo, kwa sababu ndege hapati rangi zake zote kwa njia moja. Njano, nyekundu na kahawia nyingi ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya. Ile waridi ya heroe hutokana na chakula chake, na makinda yake huanza wakiwa wa kijivu. Bluu ni habari nyingine. Unyoya wa bluu hauna rangi ya bluu ndani yake: umbile lake dogo mno, lenye vishimo vya hewa, ndilo linalorudisha bluu machoni mwetu. Ukiusaga, bluu inapotea unabaki na unga wa kahawia. Na zile rangi zinazogeuka kadiri ndege anavyojizungusha, za kwezi na za chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, nazo ni kazi ya umbile na pembe ya mwanga. Chozi akikupa ubavu usiofaa ni ndege mweusi tu.

Basi kwa rangi za aina ya kwanza nunua pamba, kitani, au kitenge kisicho na ua. Zinapendeza kivulini, kwenye mwanga laini, na hazikuchagulii pembe. Kwa rangi za aina ya pili pamba haitakupa kitu. Tafuta satini nzito, tafeta, au ile organza yenye nyuzi za rangi mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kukatiza, inayoonekana bluu ukiitazama hivi na kijani ukiigeuza. Kitambaa hicho kinataka mwanga unaotoka upande mmoja. Ukikipiga kwenye mwanga wa mawingu kinalala kama karatasi ya daftari.

Ukienda kununua, iwe ni pale Soko Kuu la Chifu Kingalu au umeteremka Kariakoo, usiamini taa za dukani. Mwombe muuzaji utoke na jora hadi mlangoni, kishike kitambaa kwenye kivuli, kisha kwenye jua, kikunje kiganjani, kipige picha kwa simu pale pale. Rangi ya feruzi hasa ina tabia ya kuonekana moja kwa jicho na nyingine kwenye picha. Pima pia kwa kukiweka chini ya kidevu cha anayevaa, si mkononi mwako. Wauzaji wa Kariakoo wamezoea, watakutania kidogo na kukuacha.

Kuhusu kitenge na kanga zenye michoro: vazi la kanga kwa madoadoa ya ndege kanga kila mtu ameshafanya, sitakaa hapo. Ila angalia mambo mawili. Maua makubwa kifuani hushindana na uso, na ndege wenye michoro huipanga mahali maalumu, shingoni, ubavuni, mkiani. Ufanye hivyo hivyo, mchoro ukae kwenye kilemba au kwenye upindo, kwingine pawe wazi. Na kanga ina jina. Mswahili akiona maandishi atayasoma kwanza kabla hajamtazama aliyevaa, hata kama ni herufi tatu zilizojitokeza kiunoni. Ama jina lisomeke lote na liwe sehemu ya picha, ama likunjwe ndani kabisa, ubaki na pindo na mji.

Kuna ujanja mmoja wa ndege shorobo ninaoupenda kuliko yote niliyokueleza. Shorobo wa misituni amekaa mtini ni kijani mtupu, huwezi kumtofautisha na majani. Akiruka, mabawa yanafunguka na ndani ni mekundu, wekundu wa damu. (Kijani na wekundu wake ni rangi halisi, na wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, jambo lisilo la kawaida kwa ndege.) Mwambie fundi akushonee joho la kijani kilichokoza, pana, la kufika magotini, na bitana yake iwe nyekundu. Binti akisimama, picha ni ya kijani na uso tu. Akigeuka haraka au akiinua mkono, bitana inajitokeza. Unapata picha mbili kwa nguo moja, na ya pili ina tukio ndani yake. Hata yule chole wako ungeweza kumrekebisha hivyo: mwili wa kahawia, kifua cha zambarau nyepesi, na bluu yote ifichwe ndani ya mikono mipana. Gauni lile usilitupe, mpe fundi kazi hiyo.

Nyuma ya mtu pana uzito sawa na nguo. Umempeleka binti aliyevaa kijani na feruzi kwenye miti mibichi, jua likipenya kwenye majani na kuacha vidoto vyeupe kila mahali. Kila kidoto ni kelele, na majani yale yamemrushia ukijani mashavuni. Wewe Morogoro una kitu ambacho wapiga picha wa Dar hawana: mashamba ya mkonge. Rangi ya mkonge ni kijani-kijivu chenye vumbi, haing'ai, na mistari yake imenyooka hadi mbali. Njano mbele yake inawaka. Damu ya mzee mbele yake inawaka. Omba ruhusa kwa wenye shamba, na angalia miiba kwenye ncha, maana shifoni ikinasa hapo imekwenda. Nyasi kavu za mwezi wa nane na wa tisa nazo ni dhahabu kwa nguo ya bluu. Baada ya masika kila kitu ni kijani kibichi, msimu huo piga waridi, nyeupe na nyekundu, au panda juu upande wa Morningside ukapate ukungu, ambao unafifisha mandhari ya nyuma na kuacha rangi ya nguo peke yake. Popote ulipo, msogeze mtu mbele, mbali na majani, hatua kumi na zaidi kama nafasi ipo. Wengi humwegemeza mtu kwenye kichaka halafu wanalaumu lenzi kwamba haifuti nyuma.

Saa tano asubuhi ni saa ya kunywa chai. Kwetu huku jua linapanda wima upesi. Kufikia saa tatu na nusu macho yameshaingia kivulini na paji la uso linang'aa. Piga kuanzia saa moja hadi saa tatu, kisha pumzikeni mpaka saa kumi na nusu. Machweo yetu hayana subira kama ya Ulaya: jua likigusa mlima, una muda mfupi tu kabla ya giza. Nguo ya kubadilisha iwe imeshavaliwa.

Kuhusu uso kupotea, sehemu ni kosa la kipimo cha mwanga. Kamera inakisia kwamba kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Nyuma kukiwa na anga nyeupe, inapunguza mwanga na uso wa binti mweusi unazama. Ukimkaribia uso ukajaa fremu, inaongeza mwanga na ngozi inapauka. Weka kipimo kwenye uso, kwa nukta, yaani kamera ipime mahali padogo tu, kisha amua mwenyewe. Ngozi nyeusi haihitaji kung'arishwa ifanane na ya mwingine, inahitaji mng'ao: kitu kikubwa cheupe kilicho karibu, shuka, ukuta, ubao wa plastiki mweupe, kinachojiakisi kwenye shavu na mfupa wa pua. Mafuta kidogo mashavuni husaidia, poda ya kukausha huua. Na tafadhali, kama kuna picha za simu, zima ile huduma ya kurembesha uso. Hulainisha ngozi, na mara nyingi huibadilisha na rangi.

Nyekundu na chungwa zina mtego wao. Ukitazama kioo cha kamera utaona picha iko sawa, lakini rangi nyekundu peke yake imeshafurika, na sketi ile inakuwa baka moja lisilo na mkunjo wala uzi. Washa histogramu ya rangi tatu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa kila rangi, itazame nyekundu kando. Ikigonga ukuta wa kulia, punguza mwanga theluthi mbili ya hatua (stop) na piga kwa faili za RAW, ambazo kamera haijazibana wala kuzirekebisha, uso utauinua baadaye. Usiiachie kamera ijiamulie rangi ya mwanga: mbele ya nguo kali huchanganyikiwa, kila picha inatoka na ngozi tofauti. Weka alama ya kivuli au ya jua, na usiiguse mpaka mhame mahali.

Kama una kichujio cha kupolaraizi, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, tumia akili. Kinaondoa mng'ao mweupe wa majani, kweli, lakini kinaondoa pia mng'ao wa satini na ule wa ngozi, na hivyo ndivyo vitu ulivyovitafuta. Kwa kwezi na chozi kivue.

Mikao nayo. Sijawahi kuona picha nzuri ya mtu anayejifanya anaruka. Waachie watoto mabawa. Tazama badala yake ndege anavyotumia shingo: macho yake yako pembeni, kwa hiyo akitaka kukuchunguza hukupa ubavu wa uso. Mpige binti ubavu, kidevu juu kidogo, bega moja likiwa chini, jicho moja kwetu. Korongo hurefusha shingo akisikia kitu. Mwambie binti asikilize kitu nyuma yako, shingo itajirefusha yenyewe. Kwa joho la shorobo utahitaji msaidizi wa kuurusha upindo na kukimbia nje ya fremu, na kasi ya shata 1/1000. Chini ya 1/500 kitambaa kinakuwa ukungu.

Manyoya halisi ya ndege wa porini usitumie. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2013 zinahesabu unyoya kuwa nyara, na "nimeuokota tu" si kibali. Zaidi ya sheria, mchezo huu una historia mbaya: mwishoni mwa karne ya 19 yangeyange waliuawa kwa wingi ili wanawake wa Ulaya na Marekani wavae kofia za manyoya, na chama cha kulinda ndege cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochoshwa na kofia hizo. Manyoya ya jogoo yapo kila kijiji, yanapakika rangi, na yana mng'ao wao. Karibu na viota msipige kabisa, msimu wa kutaga una miezi yake na mtu mwenye joho jekundu si mgeni mzuri.

Na Mikumi. Ndani ya hifadhi kupiga picha za kazi kunahitaji kibali, na huruhusiwi kushuka kwenye gari popote upendapo, kwa hiyo wazo la kumsimamisha binti barabarani lisahau. Kuna na mbung'o. Wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Binti aliyevaa gauni la bluu kwenye vichaka vya mbung'o ni mtego wenye miguu. Huko mvalishe udongo, kahawia au njano, bluu irudi nayo mjini.

Ukifika kwenye kompyuta, usiguse kitufe cha kuongeza rangi zote kwa pamoja. Fungua rangi moja moja: punguza ukali wa kijani cha nyuma kidogo, kipeleke kwenye njano, na nguo itajitokeza bila wewe kuigusa. Kama rangi ya nguo inataka nguvu, punguza mwangaza wake badala ya kuongeza ukali, itakoza na mikunjo itabaki. Ukimaliza hifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu nyingi huuelewa, la sivyo feruzi uliyoihangaikia itafika kwenye simu za watu imepauka.

Kamera mpya usinunue. Lenzi yako ya milimita 50 kwenye sensa ndogo inatenda kazi kama ya 75 au 80, urefu mzuri kabisa kwa uso, tundu lake la mwanga liweke f/2.8, si f/1.8 lililo wazi zaidi, ili macho yote mawili na ukingo wa kilemba viwe wazi. Ile ya 18-55 ibaki kwa picha pana za mashamba ya mkonge. Fedha uliyokuwa umeitenga igawe: mita sita za satini nzito, mita tano za pamba ya njano, ubao mweupe wa kurudisha mwanga, na malipo ya fundi kwa siku moja nzima aje nanyi shambani na sindano, pini na uzi. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama hubadilika akiinama au akigeuka, na ni fundi tu atakayeiona bitana inachungulia pasipotakiwa kabla hujabonyeza.